Namna ya Kuzuia na Kugundua Njama za Wazabuni katika Ununuzi wa Umma: Mwongozo kwa Maofisa Ununuzi, Wajumbe wa Kamati za Tathmini na Wakaguzi wa Ndani

Mtu akikabidhiwa jalada la zabuni alikague, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye zabuni ya mshindi. Hutazama kama leseni ilikuwa hai, kama cheti cha mlipakodi kimeambatishwa, kama bei iko chini kuliko za wengine, kisha hufunga jalada. Mimi pia nilifanya hivyo kwa muda mrefu katika kazi ya ukaguzi wa ndani, mpaka siku nilipokaa na zabuni tatu za kutengeneza madawati ya shule za msingi. Zabuni mbili zilizoshindwa zilikuwa zimeandika "madwati" badala ya "madawati", katika mstari uleule wa barua ya maombi, ilhali makampuni yenyewe yalikuwa na wakurugenzi tofauti, anwani tofauti na mihuri ya rangi tofauti. Jalada la mshindi halikuwa na doa. Ushahidi wote ulikuwa kwa walioshindwa, na hakuna aliyekuwa amewasoma kwa sababu hawakupata kazi.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Nimeuandika kwa kutumia mazingira ya Tanzania, hasa halmashauri na taasisi zinazonunua kazi za ujenzi, vifaa na huduma za kila siku, kwa kuwa ndiko ninakokufahamu.

Njama zenyewe zikoje

Njama ya wazabuni ni makubaliano ya siri kati ya makampuni yanayopaswa kushindana, ambayo yanaamua yenyewe nani apate kazi na kwa bei gani kabla taasisi nunuzi haijafungua zabuni hata moja. Si lazima ofisa wa serikali awe ndani yake, na hapo ndipo inapotofautiana na hongo. Kamati ya tathmini inaweza kuwa ya watu waadilifu kabisa, ikafuata kila kifungu cha sheria, na bado serikali ikalipa bei iliyopikwa mezani kwa watu wengine.

Sura zake ni chache na hujirudia. Iliyozoeleka zaidi ni zabuni ya kusindikiza, ambapo kampuni inaleta bei ya juu kwa makusudi, au inaacha nyaraka muhimu ili itupwe nje mapema, kazi yake ikiwa ni kutimiza idadi tu. Nyingine ni kupokezana zamu, leo huyu kesho yule, kila mmoja akijua mwezi wake. Wapo wanaogawana maeneo, mmoja akabaki na wilaya za kaskazini na mwenzake za kusini, na hakuna anayevuka mpaka. Na wapo wanaolipwa wakae pembeni, wasiombe kabisa, au waombe kisha waandike barua ya kujitoa. Anayekubali kushindwa hulipwa kwa njia fulani: fedha taslimu, zamu ijayo, au kazi ndogo ndani ya mkataba wa mshindi. Malipo hayo yaweke akilini, tutayarudia mwishoni.

Kisheria, Tanzania ina milango mitatu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, katika kifungu cha 9, inakataza washindani kupanga bei, kususia soko kwa pamoja na kula njama katika zabuni, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inakataza njama kama sehemu ya vitendo vya udanganyifu, na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA) ina uwezo wa kumfungia mzabuni asishiriki zabuni za umma. Pale ambapo mtumishi wa umma ameshiriki au fedha zimepita mkono kwa mkono, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) inaingia. Wasomaji wa Kenya watakuta katazo kama hilo katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010.

Hatua ya kwanza: lifahamu soko kabla ya kutangaza

Njama hazioti kila mahali. Hustawi pale ambapo wauzaji ni wachache, bidhaa haitofautiani, mahitaji yanarudi kwa ratiba inayojulikana, na wauzaji wana mahali pa kukutana, iwe ofisi ya chama chao au mgahawa ulio jirani na halmashauri. Kokoto, lami, saruji, nondo, ulinzi, usafi wa majengo na vyakula vya shule za bweni vyote vina sifa hizo. Ununuzi wa mashine moja ya pekee, unaofanyika mara moja kwa miaka kumi, una hatari ndogo zaidi ya njama ya aina hii, ingawa una hatari nyingine.

Kwa hiyo, mpango wa ununuzi wa mwaka unapoandaliwa, pitia mstari kwa mstari na uweke alama kwenye ununuzi wenye sifa hizo. Kisha tafuta bei za soko wewe mwenyewe. Hapa pana kosa ambalo nimelikuta katika taasisi nyingi: makadirio hutokana na ankara kifani, yaani karatasi za bei za awali, zilizoombwa kwa wafanyabiashara walewale watakaoleta zabuni. Ukimuuliza muuzaji mchanga unauzwaje, naye anajua kwamba jibu lake litageuka kuwa kiwango cha kumpimia, umemkabidhi mizani. Nenda machimboni, uliza bei ya lori kama mnunuzi wa kawaida. Piga simu kwa mawakala wa jumla walio nje ya wilaya. Linganisha na bei ambazo taasisi jirani zililipa mwaka huo kwa kazi ya aina hiyo. Andika tarehe, mahali na bei, na karatasi hiyo uitunze kwenye jalada.

Makadirio yakishakamilika, orodha ya wanaoyajua iwe fupi na iandikwe. Zabuni ya mshindi ikikaribia makadirio ya siri kwa tofauti ndogo mno, mara ya kwanza inaweza kuwa bahati. Ikijirudia, orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia kuuliza.

Hatua ya pili: panga zabuni kwa namna ambayo haitabiriki

Wanaopanga njama wanahitaji utulivu. Wanataka kujua kazi ngapi zitatangazwa, lini, na za ukubwa gani, ili hesabu ya kugawana itoke sawa. Ukitangaza kila robo mwaka vifurushi vinne vya matengenezo ya barabara vyenye thamani inayolingana, katika wilaya yenye makandarasi wanne wa daraja husika, umewapa keki iliyokwisha kukatwa. Badilisha idadi ya vifurushi. Unganisha baadhi ili kampuni kubwa kutoka mkoa mwingine ione faida ya kusafirisha mitambo yake, au gawanya vingine ili kampuni ndogo mpya ziweze kuingia. Uamuzi utategemea ni nani unataka kumleta sokoni. Epuka tu vifurushi vinavyolingana kwa idadi na wauzaji waliopo.

Mfano wenye funzo kubwa kuhusu kazi zinazojulikana mapema ni wa Afrika Kusini. Kabla ya Kombe la Dunia la 2010, nchi nzima ilijua viwanja gani vitajengwa na lini, na makampuni makubwa ya ujenzi yalikuwa machache. Yalikutana mwaka 2006 na kugawana viwanja. Mwaka 2013 Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilitangaza kwamba makampuni 15 ya ujenzi yamekubali kulipa faini ya jumla ya randi bilioni 1.46 kwa kupanga zabuni za miradi mbalimbali, viwanja vikiwamo. Makampuni hayo yalikuwa na wanasheria, wakaguzi wa hesabu na hisa sokoni. Nawataja ili tuache kudhani kwamba njama ni ya watu wa mifuko ya kaki wilayani.

Masharti nayo yanaweza kufunga mlango bila mtu kukusudia. Kila sharti unaloliweka, jiulize linapunguza washiriki wangapi na linaleta usalama gani. Uzoefu wa kazi tano zinazofanana kwa ajili ya kujenga vyoo vya shule, au jina la chapa moja katika maelezo ya vifaa, vinaweza kubakiza watu watatu, na watu watatu huelewana upesi kuliko kumi na watano. Muda wa kuandaa zabuni ukiwa mfupi mno, anayeweza kujibu ni yule aliyekuwa tayari anajua.

Ununuzi uliotengwa kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ambao sheria imeuwekea asilimia 30, unahitaji uangalizi wa kipekee. Nia yake ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote, lakini vikundi vilivyosajiliwa vikiwa vichache, mfanyabiashara mmoja anaweza kuvitumia vitatu kama koti: anavijazia nyaraka, anavipa mtaji, anachukua kazi, na kuwaachia wanachama fedha kidogo ya kuwatuliza. Dawa yake ni kushirikiana na maofisa maendeleo ya jamii kusajili vikundi vingi zaidi na kuvifundisha kujaza zabuni vyenyewe, kuliko kuendelea kualika vilevile kila mwaka.

Hatua ya tatu: usiwakutanishe

Siku ya kutembelea eneo la kazi, utaratibu uliozoeleka ni kuwapakia wazabuni wote kwenye gari moja au kuwataka wafike saa ileile, wasaini karatasi moja ya mahudhurio yenye majina na namba za simu, kisha wakae pamoja chini ya mti wakisubiri mhandisi. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kujua apige simu kwa nani. Pale inapowezekana, toa siku kadhaa ambazo kila mmoja anaweza kuja kwa wakati wake, na mahudhurio yachukuliwe kwa fomu ya mtu mmoja mmoja. Maswali yaje kwa maandishi kupitia mfumo, na majibu yaende kwa wote bila kutaja aliyeuliza.

Mfumo wa NeST, yaani mfumo wa serikali wa kufanyia ununuzi wa umma mtandaoni, ulioanza kutumika mwaka 2023, umesaidia sana katika hili, kwa kuwa mtu hahitaji tena kufika ofisini kuchukua nyaraka na kukutana na wenzake kwenye benchi la masijala, wala zabuni hazifunguliki kabla ya saa iliyowekwa. Lakini mfumo hauwazuii watu kupigiana simu. Nimesikia viongozi wakisema kwamba tangu tuhamie kwenye mtandao habari za njama zimekwisha. Si kweli. Zimehama kutoka kwenye bahasha kwenda kwenye viambatisho, na zinasomeka humo kwa anayejua kusoma.

Hatua ya nne: tamko la kuandaa bei kwa uhuru

Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD), ambalo lilitoa mwongozo wake kuhusu njama za zabuni mwaka 2009, linapendekeza kila mzabuni asaini tamko kwamba ameandaa bei yake mwenyewe, bila kushauriana na mshindani yeyote kuhusu bei, nia ya kuomba au ubora wa anachouza. Kama kanuni na nyaraka sanifu unazotumia zinaruhusu kuongeza fomu kama hiyo, iongeze. Ndani yake mtake mzabuni ataje wakandarasi wadogo anaokusudia kuwatumia, na aeleze kama ana undugu wa kibiashara na mzabuni mwingine yeyote. Tamko halimzuii mwongo, bali linamwondolea utetezi wa kusema kwamba hakujua.

Hatua ya tano: soma zabuni zilizoshindwa

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ninaomba uipe muda. Baada ya kufungua zabuni na kabla ya kukamilisha tathmini, ziweke zote mezani, pamoja na zile zilizotupwa nje hatua ya awali, uzisome ubavu kwa ubavu.

Anza na lugha. Makosa ya herufi yanayofanana, namba za kurasa zilizorukwa mahali pamoja, aya za mpango kazi zilizonakiliwa mpaka jina la mradi mwingine likabaki ndani yake, barua ya kampuni moja inayotaja kwa bahati mbaya jina la kampuni nyingine. Tazama tarehe na namba za mfuatano za dhamana za zabuni: dhamana mbili kutoka tawi moja la benki, siku moja, zenye namba zinazofuatana, zinastahili swali. Kwenye viambatisho vya kielektroniki, fungua sifa za faili uone jina la aliyelitengeneza, tarehe na saa. Mafaili mawili ya makampuni hasimu, yaliyotengenezwa na mtu mmoja kwa kupishana dakika sita, yana hadithi ya kusimulia.

Kisha nenda kwenye jedwali la vipimo na gharama. Wengi hulinganisha jumla kuu peke yake, na wapangaji wanajua hivyo. Wewe shuka mpaka kwenye bei ya kila kitu. Hebu tuchukue mfano wa ujenzi wa madarasa, wenye namba nilizozitengeneza kwa ajili ya kufundishia. Mzabuni A ameandika saruji shilingi 17,000 kwa mfuko, nondo ya milimita 12 shilingi 24,000, na kokoto shilingi 60,000 kwa mita ya ujazo. Mzabuni B ana 17,850, 25,200 na 63,000. Mzabuni C ana 18,700, 26,400 na 66,000. Kwa macho ni bei tatu tofauti. Chukua kikokotoo ugawe: kila bei ya B ni ya A ukiongeza asilimia 5 kamili, na kila bei ya C ni ya A ukiongeza asilimia 10 kamili. Hakuna wafanyabiashara wawili wanaonunua saruji, nondo na kokoto katika sehemu tofauti wakapishana kwa asilimia moja ileile katika kila mstari.

Endelea kidogo. A ameandika fremu 36 za madirisha kwa shilingi 85,000 kila moja, jumla 3,600,000. Amekosea, kwa maana jibu sahihi ni 3,060,000. B ameandika fremu 36 kwa shilingi 89,250, jumla 3,780,000, ilhali hesabu yake inapaswa kuwa 3,213,000. Sasa zidisha ile 3,600,000 ya A kwa asilimia 105 uone. Ni 3,780,000. Kosa la A limeongezewa asilimia 5 likawa kosa la B, maana yake B hakukokotoa chochote. Alipewa jedwali la A akaamuru kompyuta ipandishe kila kisanduku. Kamati ya tathmini, katika kurekebisha makosa ya hesabu, kwa kawaida ingesahihisha mistari yote miwili kimyakimya na kuendelea mbele. Ushahidi ungekuwa umefutwa na watu waliokusudia kufanya kazi yao vizuri. Kwa sababu hiyo, nakala ya zabuni kama ilivyofunguliwa itunzwe kabla ya marekebisho yoyote.

Angalia pia bei zinazokosa maelezo. Mzabuni wa mbali ambaye gharama yake ya usafirishaji ni sawa na ya jirani. Kampuni iliyoleta bei ya chini wilaya ya pili mwezi uliopita na ya juu mno kwako kwa kazi ileile. Bei zinazoshuka ghafla za wote mara tu kampuni ngeni inapojitokeza. Hii ya mwisho naiamini kuliko dalili nyingi, kwa sababu inaonyesha kwamba bei ya zamani haikutokana na gharama.

Hatua ya sita: tazama miaka mitatu kwa pamoja

Zabuni moja inaweza kudanganya, mfululizo wa zabuni hauwezi kirahisi. Tengeneza jedwali moja kwenye kompyuta lenye kila zabuni ya aina moja kwa miaka mitatu: tarehe, waliochukua nyaraka, walioomba, waliojitoa, bei ya kila mmoja, makadirio, mshindi, na wakandarasi wadogo. Usiwaandike washindi peke yao. Panga kwa tarehe, kisha tafuta zamu. Je, kuna kampuni inayoomba kila mara na haishindi kamwe? Kuandaa zabuni ni gharama. Anayeshindwa mara kumi na mbili mfululizo na bado anarudi, kuna mtu anayemlipa. Je, kuna wanaochukua nyaraka na kunyamaza kila fulani anapoomba?

Kisha pima mtawanyiko wa bei. Tafuta wastani wa bei zilizowasilishwa, tafuta mkengeuko wa kawaida (kipimo cha jinsi bei zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ambacho kompyuta hukokotoa yenyewe), gawanya wa pili kwa wa kwanza. Zabuni tano za shilingi milioni 98, 100, 101, 102 na 104 zina mtawanyiko wa takribani asilimia 2.2. Zabuni za milioni 82, 95, 103, 118 na 127 zina takribani asilimia 17. Washindani wa kweli hutofautiana kwa mitambo, mitaji, umbali na hata makosa, hivyo bei zao husambaa. Bei zilizobanana mno huashiria mkono mmoja. Huko Uswisi, makampuni ya lami ya jimbo la Ticino yaligawana kazi kati ya 1999 na 2005, na watafiti waliopitia zabuni hizo waliona bei zikiwa zimebanana kipindi chote cha njama, kisha zikatawanyika na kushuka iliposambaratika. Korea Kusini tangu mwaka 2006 ina mfumo wa kompyuta unaopitia zabuni za umma na kuzipa alama za hatari kwa vigezo kama hivi. Sisi tukiwa na takwimu za NeST na kompyuta ya kawaida ya ofisini tunaweza kuanza bila kusubiri mfumo mkubwa.

Tahadhari moja: sura nyingine ya njama huonyesha kinyume kidogo, yaani mshindi yuko chini peke yake na waliobaki wamerundikana juu kwa pamoja. Hao ni wasindikizaji walioambiwa wasisogee karibu. Kwa hiyo pima pia pengo kati ya wa kwanza na wa pili, ulilinganishe na mapengo kati ya walioshindwa wenyewe.

Hatua ya saba: tafuta kwanza maelezo yasiyo na hatia

Dalili si ushahidi, na kumchafua mfanyabiashara mwaminifu ni dhuluma isiyofutika kwa barua ya samahani. Katika miji yetu midogo kuna kijana wa steshenari anayejua NeST kuliko wakurugenzi wa makampuni, na makampuni matano tofauti humlipa awajazie zabuni. Mafaili yote matano yatakuwa na jina lake, yatatoka kwenye kompyuta moja, na yatakuwa na "madwati" yaleyale. Hapo huenda hakuna njama yoyote, ingawa kijana huyo anaona bei za wote na anaweza kugeuka kuwa daraja la njama. Kinachotenganisha hali hizi mbili ni bei. Lugha ikifanana na bei zikiwa huru, elekea kwenye steshenari. Bei zikifuata asilimia moja mstari hadi mstari, steshenari haitoshi kuwa jibu.

Vilevile, bei zinaweza kukaribiana kwa sababu mafuta, saruji au dawa zina msambazaji mmoja anayeuzia wote kwa bei moja. Hakiki kwa msambazaji. Tazama pia umiliki: taarifa za BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, zikiwamo za wamiliki manufaa, yaani watu wanaofaidika na kampuni kwa kweli, zitakuonyesha kama makampuni mawili ni ya mtu mmoja au ya mume na mke. Hilo ni tatizo la aina nyingine, la mgongano wa maslahi, na lina njia yake.

Hatua ya nane: nyamaza, tunza, ripoti

Ukishashuku, jambo la kwanza linalokujia ni kuwaita wazabuni uwaulize. Usifanye hivyo. Ukimwita mmoja, jioni wote wanajua, na asubuhi simu zimefutwa, mafaili yamefutwa na kila mtu ana maelezo yaliyokwisha kupangwa. Usiwajadili kwenye kikao cha bodi ya zabuni chenye watu kumi na wawili. Usiandike dokezo linalopita masijala ya wazi.

Andika maelezo mafupi yenye tarehe: uliona nini, wapi, lini, na kwa nini maelezo yasiyo na hatia hayatoshelezi. Ambatisha nakala. Nyaraka halisi zisiandikwe juu, zisipigwe mstari, zisitobolewe upya. Mafaili ya kielektroniki yanakiliwe kama yalivyo, kwa maana kulifungua na kulihifadhi upya hubadilisha tarehe zake. Mkabidhi afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, isipokuwa kama una sababu ya kuamini naye yumo, ambapo utakwenda moja kwa moja nje ya taasisi. Suala la makampuni kupanga bei lipelekwe FCC, ambayo ina mamlaka ya kuita nyaraka na mashahidi. La kufungiwa lipelekwe PPRA. La hongo lipelekwe TAKUKURU. Taasisi hizo pia ndizo zenye uwezo wa kuomba kumbukumbu za mfumo ambazo wewe huzioni.

Kuhusu zabuni yenyewe, kuifuta papo hapo kunaweza kuwaonya, na kuendelea nayo kunaweza kuigharimu serikali. Omba ushauri wa mamlaka uliyoiripotia kabla ya kuchagua. Ikibidi kufuta kwa sababu bei imezidi makadirio, sababu hiyo ndiyo iandikwe kwenye barua, bila kutaja njama.

Hatua ya tisa: fuata mkataba mpaka eneo la kazi

Nilisema tuyaweke akilini malipo ya aliyekubali kushindwa. Huonekana hapa. Mtu wa ukaguzi aende eneo la ujenzi bila kutoa taarifa, aandike namba za malori yanayoshusha mchanga, jina kwenye mashine ya kuchanganyia zege, jina la anayelipa vibarua Jumamosi. Nimewahi kusimama kwenye msingi wa zahanati na kumkuta msimamizi wa kazi akiwa amevaa fulana yenye jina la kampuni iliyoshika nafasi ya pili katika zabuni ileile. Nilipomuuliza, alinijibu kwa uwazi kabisa, kwani yeye hakuona kosa: bosi wake alikuwa amepewa kazi ya msingi na kuta, mwenzake amebaki na paa.

Mkandarasi mdogo akigundulika kuwa ni mzabuni aliyeshindwa, rudi kwenye fomu ya tamko uone kama alitajwa. Kisha fungua lile jedwali la miaka mitatu, utafute safu ya wakandarasi wadogo, uandike jina lake mbele ya zabuni aliyoipoteza, na upitie zabuni nyingine zote alizozipoteza kabla yake uone ni nani alimpa kazi kila mara.